Amplifaya Iliyokwenda Igalula

Siku tuliyomzika baba, mzee mmoja kutoka Igalula aliingia chumbani kwake bila kupiga hodi, akaibeba amplifaya ya gitaa iliyokuwa juu ya meza ya kazi, akapita nayo katikati ya waombolezaji huku akimwiga marehemu anavyokohoa. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa mlangoni na kina mama, nimefunga kanga kiunoni, na kama si shangazi kunishika mkono ningemfuata yule mzee nikamng'oa masikio.

Mzee huyo ni mtani wetu. Babu wa baba yangu alikuja Tabora na misafara kutoka pwani, Mzaramo asiye na kitu, na wazee wa huyu bwana ni Wanyamwezi waliobeba mizigo kwenye njia hiyohiyo. Waliokula vumbi pamoja waliachiana ruhusa ya kutukanana mpaka kiama. Mtani akija msibani ana haki ya kumcheka marehemu, kujilaza kwenye mkeka wake, na kuondoka na kitu chake chochote mpaka wafiwa wakikomboe. Unakikomboa kwa kuku, kwa kanga, kwa maneno matamu, ilimradi umfuate. Usipomfuata, kitu ni chake na huna pa kushtaki.

Nilimwambia kaka yangu mkubwa akaikomboe. Alikuwa anahesabu sahani za pilau.

"Mwache aende nayo," alisema. "Ametusaidia kutoa takataka."

Yule mzee aliifunga amplifaya kwenye baiskeli kwa mpira wa tairi, akakata kona ya Ipuli, akapotea.

Sasa niseme takataka yenyewe ilikuwa nini. Baba alikuwa fundi redio, na kabla sijazaliwa aliitengeneza amplifaya ile kwa ajili ya bendi moja ya dansi hapa mjini. Boksi ni la mninga. Ndani kuna valvu, zile taa za kioo za redio za kale, alizozitoa kwenye redio zilizokufa, na transfoma aliyoisuka kwa mkono wake. Hakuwahi kuichora. Mchoro ulikuwa kichwani mwake, na kichwa chake alikifunga. Bendi ilikufa, wapigaji wakatawanyika, amplifaya ikarudi kwa fundi wake. Gitaa likipita mle lilitoka na sauti ambayo sijaisikia kwingine, nene katikati, yenye kukwaruza kidogo mwishoni, mfano wa mtu aliyelia akanyamaza. Na valvu mbili za mwisho zilikuwa zinachoka. Baba alizitafuta Mwanza, akazitafuta Dar es Salaam, hakuna. Zikifa hizi, alisema, basi.

Nani angerithi ufundi ule? Kaka yangu alishikishwa chuma cha kulehemu akiwa na miaka kumi, na mpaka leo hajui upande upi unaunguza. Mimi niliambiwa nilete chai. Nilileta chai miaka kumi na mitano. Nilisimama na sinia mlangoni nikiangalia mikono ya baba juu ya bega la kaka, na kaka akipiga miayo. Nikiuliza swali, baba alijibu kwa kumtazama kaka, kana kwamba kaka ndiye aliyeuliza. Hasira niliyonayo ilianzia pale kwenye lile sinia, na sioni aibu kuisema.

Nilikua, nikasoma, nikawa mwalimu wa kompyuta. Kompyuta yangu mwenyewe ilikuwa kuukuu, nikaiwekea Linux, mfumo wa bure usio mzito, kwa sababu kila kitu kingine kilikuwa kinaifanya ijikokote. Siku moja nikasoma kwamba kuna watu duniani wanaandika programu zinazoiga amplifaya: unachomeka gitaa kwenye kompyuta, na programu inalitendea lile gitaa yaleyale ambayo valvu na transfoma zingelitendea. Nilisoma mara mbili. Kisha nikaapa. Sauti ya ile amplifaya nitaiingiza humu kabla haijafa, baba akitaka asitake, na bila chuma chake cha kulehemu.

Nilidhani ingenichukua mwezi.

Anayetaka kujua kompyuta inaweza kumdharau binadamu kiasi gani, na aandike programu ya sauti. Kwanza sauti si sauti, ni namba, elfu arobaini na nane kila sekunde. Kompyuta inakuletea namba hizo fungu kwa fungu, inasema chukua, zifanyie kazi, nirudishie kabla fungu lijalo halijafika. Ukichelewa kidogo tu, kufumba na kufumbua, haikungoji. Inatoa mlio, tak, kama mtu aliyekanyaga kijiti, na inaandika kwenye dirisha jeusi kwamba umepitwa. Wiki tatu za kwanza sikusikia gitaa. Nilisikia tak, tak, tak. Nilitukana kwa Kiswahili, kwa Kinyamwezi cha mama, na kwa maneno ya Kiarabu niliyoyajua machache.

Niliuliza mtandaoni. Mtu mmoja, sijui wa nchi gani, akanijibu: soma mwongozo. Nilikuwa nimeusoma. Mwongozo uliandikwa na watu wanaojua, kwa ajili ya watu wanaojua. Nilimwandikia jibu refu la Kiswahili, nikalifuta, nikaendelea kusoma. Hatimaye niligundua makosa yangu mwenyewe. Katikati ya ile kazi ya haraka, nilikuwa nimeweka mstari wa kuandika maneno kwenye skrini ili nione programu imefika wapi. Ni sawa na kumsimamisha mbeba maji aliyejitwika ndoo ili akusimulie safari. Nilifuta ule mstari, nikaipa programu ruhusa ya kutangulia mbele ya kazi nyingine zote za kompyuta, nikapanua kidogo yale mafungu ya namba, na asubuhi moja ya Jumamosi gitaa likapita safi. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Mwigo wangu wa kwanza ulikuwa rahisi. Valvu ikizidiwa haiwezi kupandisha wimbi zaidi, inalipinda kichwa, na kuna fomula fupi ya hisabati inayopinda namba hivyohivyo. Nikamchezea baba asikie. Alikuwa kibarazani na kikombe chake. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia.

"Hii," alisema, "ni redio ya jirani."

"Una maana gani, baba?"

"Inasikika. Haipo."

Akarudi kwenye kahawa yake. Ningekuwa mtu wa kulia ningelia. Badala yake nilimwambia kwamba kama hataki kunichorea, basi anipigie gitaa kwenye amplifaya yake nimrekodi, nilinganishe mwenyewe. Nilitegemea akatae. Akasema sawa, lete mitambo yako.

Tukarekodi wiki nzima, mara kumi na moja, mchana kila umeme ulipotulia. Nieleze tulivyokaa, maana ndipo penyewe. Feni ya kompyuta yangu inanguruma, na maiki ilikuwa inainasa ile ngurumo. Kwa hiyo kompyuta niliiweka chumba cha pili, nikapitisha waya chini ya mlango. Baba alibaki peke yake chumbani kwake, kwenye kigoda, gitaa pajani, amplifaya mbele yake na maiki katikati. Mimi upande wa pili wa ukuta nilitazama mstari wa kijani unaopanda na kushuka. Sikuwa nikisikiliza. Kompyuta ile ikirekodi na kunichezea sauti kwa wakati mmoja ilianza kujikwaa, tak, tak, kwa hiyo nilifunga mdomo wake wa kunichezea nikaiachia masikio ya kurekodi tu. Niliona mstari unavyorukaruka kabla ya gitaa kuanza, na nilisikia baba ananguruma nyuma ya ukuta. Nikajua ni kile kikohozi chake na kile kigoda. Nilipiga kelele: sawa, sawa, baba, anza! Kisha gitaa linaingia.

Niliporudi shuleni niliandika kijiprogramu cha mistari isiyofika ishirini. Kazi yake ilikuwa kufungua kila rekodi, kutafuta noti ya kwanza ya gitaa, na kukata kila kitu kilichotangulia, ili rekodi zote zianze sehemu moja niweze kuzilinganisha na mwigo wangu. Nilijivunia hicho kijiprogramu. Kilifanya kazi mara ya kwanza, bila kosa. Rekodi za asili nikazihifadhi kwenye diski ya nje, kama mtu mwenye adabu.

Mwezi uliofuata baba alilazwa, kifua. Siku alizokuwa hospitali niliona ndiyo nafasi yangu. Niliingia chumbani kwake, nikachukua bisibisi, nikaifungua amplifaya. Moyo ulinienda mbio utadhani naiba. Nilichora kila waya, kila kipande, kurasa sita. Na nilipofika kwenye spika nikakuta karatasi yake, ile inayotetema kutoa sauti, ina uchafu mweusi, mnene, umeganda kuizunguka, umeshika vumbi na miguu ya wadudu. Nikamwonea baba huruma, mzee macho hayaoni tena. Nikachukua kitambaa chenye maji ya uvuguvugu nikausafisha taratibu siku mbili, bila kuitoboa karatasi, mpaka ikarudi rangi yake ya kijivu. Nilidhani nampa zawadi.

Aliporudi nyumbani nilimwashia. Alipiga noti tatu. Akasimama. Akageuza boksi, akatazama nyuma.

"Umesafisha," alisema.

"Ndiyo, baba."

Nilisubiri aseme ahsante. Nilisubiri aseme chochote.

"Haya," alisema, akaweka gitaa kitandani.

Hakulishika tena. Baada ya wiki mbili tulimzika, mtani akachukua amplifaya, na mimi nikabaki na kurasa sita na rekodi kumi na moja.

Nilifanya kazi miezi mitano. Niliandika kila kipande cha mchoro kwa hisabati, valvu moja moja, transfoma, kila kitu. Mwigo ulikuwa sahihi, nimeupima mara mia. Lakini nikiuweka karibu na rekodi za baba, haufanani. Katikati ya sauti, pale penye unene, kulikuwa na kitu ambacho kurasa zangu sita hazikuwa nacho. Nikahakiki mchoro. Nikahakiki tena. Mwishowe nikabaki na jibu moja, na lilinichoma. Baba alificha kitu. Aliweka kipande mahali nisipokiona, au alikitoa nilipomwambia nitarekodi, ili mtoto wa kike asije akamchukulia siri yake. Nilimkasirikia maiti. Nilipita makaburini kila Ijumaa bila kusimama.

Nikanunua jogoo, nikaweka kompyuta na ile diski kwenye begi la mgongoni, nikapanda bodaboda mpaka Igalula, jogoo ananilalamikia kwapani njia nzima.

Nyumba ya mtani iko karibu na reli. Nyuma yake kuna mizinga ya magogo iliyolazwa, inangoja kupandishwa mitini, kwa kuwa yule mzee ndiye aliyekuwa mpiga gitaa wa ile bendi, na ilipokufa alirudi kwenye nyuki, kazi ya baba zake. Alikuwa uani anachonga mfuniko.

"Hodi."

"Hodi ya nani? Kama ni Mzaramo, kwanza nawa miguu."

"Shikamoo."

"Marahaba, mke wangu. Miezi mitano! Au ulikuwa unachangisha mahari?"

"Nimekuja kukomboa amplifaya," nilisema, nikamwachia jogoo kwenye mapaja.

Alimpapasa jogoo kifuani, akasema amekonda kama Mzaramo, akampokea. Tukaingia ndani. Amplifaya ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma, kuna gitaa kuukuu limeegemezwa pembeni. Sikungoja kukaribishwa. Nilifungua mgongo wa boksi, nikawasha tochi ya simu, nikaanza kutafuta.

"Unatafuta nini humo?"

"Kitu alichonificha baba."

Alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kilikuwa chake mwenyewe safari hii. Kisha akaacha kucheka. Alinyoosha kidole kwenye spika.

"Nta iko wapi?"

"Nta gani?"

"Nta ya nyuki. Ilizunguka hapa yote."

"Ule uchafu? Niliusafisha."

Nimetukanwa maishani, ila sijawahi kutukanwa vile. Alianza na mimi, akapanda kwa babu yangu, akamfuata yule Mzaramo wa kwanza mpaka pwani, akamrudisha Tabora na mzigo kichwani. Mtu mwingine yeyote angenyamaza kwa heshima ya msiba. Yeye utani unamruhusu.

"Ule uchafu niliuleta mimi, kutoka kwenye mzinga wangu! Tulikaa uani kwenu siku tatu. Baba yako anapaka, mimi napiga. Anakwangua, napiga. Anapaka tena, napiga. Spika ilikuwa inalia kama debe, ikaanza kusema. Na wewe ukachukua kitambaa! Umemzika baba yako wiki mbili kabla hajafa, mwehu wewe!"

"Ningejuaje?" Na mimi nilikuwa napiga kelele sasa. "Nani aliniambia?"

"Yeye! Yeye alikuambia. Nilikwenda kumwona alipotoka hospitali, nikamkuta amegeukia ukuta. Akaniambia, nimemfundisha wiki nzima, kila kitu, mwanzo mpaka mwisho, nikamkataza kugusa nta. Ameigusa makusudi. Amenionyesha kwamba sasa yeye ndiye fundi."

"Mwongo!"

Nililisema neno hilo, juu ya baba yangu, mbele ya mtani. Narudia kulisema hapa kwa sababu nililimaanisha. Miaka kumi na mitano ya chai, wiki sita za hospitali na kitanda, na hakufungua mdomo kunifundisha hata jina la waya mmoja, kisha anakwenda kumwambia mtu baki kwamba alinifundisha nikamdharau. Nilimwambia mzee kwamba baba hakunifundisha kitu, alinipigia gitaa tu, kwa sababu nilimlazimisha, na ushahidi ninao kwenye begi.

Mzee hakubishana. Alikaa. Akasema ndiyo sababu ya kuichukua amplifaya, alijua kwetu hakuna wa kuirudishia nta yake. Tangu msiba ameipaka mara nne, na mara nne ameikwangua. Nta ni ileile, mzinga ni uleule. Haisemi. Mkono wa baba yangu haupo, na yeye siku zile alikuwa anapiga gitaa, hakutazama vidole vinafanya nini.

"Nisikilizishe ilivyokuwa," alisema. "Labda masikio yatanikumbusha."

Nikawasha kompyuta, nikachomeka waya kwenye redio yake ya sebuleni, nikacheza rekodi ya kwanza. Gitaa la baba likaingia. Mzee alifumba macho. Kisha akayafumbua kwa hasira.

"Mbona linaanza ghafla? Mpigaji hajashusha hata pumzi."

"Nilikata mwanzo. Hauna kitu."

"Nani kakwambia hauna kitu?"

"Ni kikohozi tu na kigoda!"

"Basi niwekee kikohozi chake. Au nacho ni uchafu?"

Nilichomeka ile diski ya nje kwa nguvu kiasi kwamba jogoo alishtuka huko uani. Nilitaka asikie kikohozi, anyamaze, anirudishie kitu changu niondoke. Nikafungua rekodi ya kwanza, ile ya asili, ambayo sikuwahi kuifungua kwa masikio yangu.

Kigoda kilivutwa. Baba akakohoa. Halafu akasema, karibu kabisa na maiki, kwa sauti ya pole aliyokuwa akiwapa wateja na si sisi:

"Haya, mwanangu. Umeniambia mashine yako inasikia kila kitu, basi nizungumze nayo. Ana kwa ana mimi na wewe tunagombana. Leo nakueleza spika. Siku ukilifungua boksi, utakuta nta kwenye karatasi. Usiiguse. Ikidondoka yenyewe, utaipaka hivi. Usiweke motoni. Iache juani, jua la saa nne, mpaka ikubali kidole gumba. Duara la kwanza pembeni, jembamba. Duara la pili ndani, unene wa ukucha. Katikati usipake. Kila duara piga noti ya chini, usikilize. Kaka yako nilimwonyesha, hakuona. Wewe ulikuwa unaona tangu uko mlangoni na sinia. Nilikuwa najua."

Kulikuwa na tak moja hapo, kompyuta yangu imejikwaa, kisha sauti ikarudi.

"Umenielewa?"

Alisubiri. Nilimsikia anavyosubiri. Na kutoka mbali, nyuma ya ukuta, sauti nyingine ikajibu, ya haraka, ya mwanamke aliyechoshwa:

"Sawa, sawa, baba! Anza!"

"Haya," alisema baba, na unaweza kusikia kwamba amefurahi. Kisha gitaa likaingia.

Niliisimamisha. Kwenye kioo zilikuwa zimebaki rekodi nyingine kumi, zimepangwa kwa mstari, na kila moja ina mwanzo wake.

Nikamgeukia mtani, nikangoja anitukane. Nilitaka anitukane. Aanze na mimi apande mpaka pwani, ana ruhusa yote. Mzee alikuwa anatazama mikono yake. Aliinuka, akaenda chumba cha ndani, akarudi na bonge la nta kwenye jani la mgomba, akaliweka mezani kati ya kompyuta na amplifaya. Nje jua lilikuwa ndiyo kwanza linapanda.

"Rudisha," alisema. "Kuanzia alipovuta kigoda."